Mwongozo kamili: kupanga safari ya miji sita Vietnam bila kuishia kuona mabasi na viwanja vya ndege tu

Mwezi huu peke yake watu watatu wamenionyesha ratiba zao za Vietnam, na zote tatu zina kosa lile lile. Siku kumi, miji minane. Hanoi, Sapa, Ha Long, Ninh Binh, Hue, Da Nang, Hoi An, Saigon, na mmoja akaongeza na kisiwa cha Phu Quoc juu yake. Kwenye karatasi inapendeza kweli, ila ukikaa ukapiga hesabu unakuta siku sita kati ya hizo kumi mtu anazimalizia stesheni, kwenye basi na kwenye foleni ya kukagua mizigo, na ule utamaduni aliosafiri kuufuata anauona dirishani.

Kwahiyo naandika hatua kwa hatua, ukizifuata kwa mpangilio huu utafika salama na utarudi na kitu cha kusimulia. Kitu kimoja ukishike kabla ya vyote: hesabu usiku, usihesabu miji. Vietnam ni nchi ndefu na nyembamba, reli ya kutoka Hanoi mpaka Saigon (ndiyo Ho Chi Minh City, wenyeji wengi bado wanaiita Saigon) ina kilomita 1,726 na treni inachukua zaidi ya masaa 30. Huwezi kuruka ruka huko kama unatoka Posta kwenda Kariakoo.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujaanza

- Pasipoti iliyobakiza angalau miezi 6, na kurasa tupu.
- Picha yako ya pasipoti ya kwenye simu, isiyo na miwani, pamoja na picha safi ya ukurasa wa pasipoti wenye jina lako. Isiwe na mwanga wa flashi umefuta herufi za chini.
- Kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni. Piga simu benki mapema wakufungulie malipo ya nje, usisubiri ikatae.
- Dola taslimu, noti mpya zisizo na mikunjo wala maandishi. Wanazikagua kuliko hata kwetu.
- Kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano. Hata wasipokuuliza kule, wakati wa kurudi unaweza kuulizwa njiani.
- Adapta. Plagi zetu za pini tatu za mraba haziingii kwenye soketi zao, ila umeme ni volti 220 kwahiyo chaja yako haitaungua.
- Bima ya safari.
- Kalenda inayoonyesha tarehe za mwezi mwandamo. Hii wengi hawaibebi na ndiyo siri ya safari nzima, nitaeleza hatua ya kwanza tu hapo chini.
- Karatasi moja na kalamu. Najua kuna programu nyingi za kupanga safari lakini ratiba isiyotosha kwenye karatasi moja imeshakuwa ndefu mno.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha chagua usiku wa Hoi An

Vietnam haina msimu mmoja. Kaskazini (Hanoi) Desemba mpaka Februari kuna baridi na manyunyu, ile baridi ya kuingia kwenye mifupa maana nyumba nyingi hazina hita. Katikati (Hue, Hoi An) mvua kubwa zinaanza Septemba mpaka Desemba, na Oktoba na Novemba mto wa Hoi An unafurika watu wanatembea na mitumbwi mitaani. Pale Hoi An kuna nyumba ya kale inaitwa Tan Ky, ukutani wameweka alama za maji yalipofika mwaka hadi mwaka, na nyingine zipo juu ya kichwa cha mtu mzima. Kusini (Saigon) mvua ni Mei mpaka Oktoba au Novemba hivi, lakini kule inanyesha kwa muda wa saa moja au mbili jioni halafu inaacha.

Ukitaka nchi nzima kwa safari moja, lenga mwisho wa Februari mpaka Aprili. Ndiyo dirisha ambalo sehemu zote tatu zinavumilika.

Angalizo la Tet. Tet ni mwaka mpya wao, unaangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari hivi, na 2027 ni tarehe 6 Februari. Wiki ile kila mtu anarudi kwao, treni zinajaa wiki nyingi kabla na maduka na mama ntilie wanafunga. Kama umealikwa na familia, nenda, hakuna heshima kubwa kama hiyo. Kama hujaalikwa utatembea kwenye mji uliofungwa milango.

Sasa siri ya kalenda. Maisha ya ibada ya Wavietnam yanaenda na mwezi. Tarehe 1 na 15 za mwezi wao watu wanaweka matunda na udi kwenye vimeza vya mababu na wengi wanaacha nyama. Na tarehe 14 ya kila mwezi, Hoi An wanapunguza taa za umeme kwenye mji wa kale, taa za hariri zinabaki zinawaka na watu wanaelea na vishumaa mtoni. Kwa sisi tuliozoea kuhesabu mwezi kwa ajili ya Ramadhani ni rahisi, mwezi wao unaanza siku mwezi unapokufa angani, siku moja au mbili kabla ya sisi kuuona, kwahiyo tarehe 14 yao inaangukia karibu na tarehe 12 au 13 ya Hijria.

*Umefanikiwa ikiwa:* kwenye karatasi yako una tarehe moja tu umeizungushia duara, ile ya Hoi An. Safari yote tutaijenga kurudi nyuma kutoka hapo.

## Hatua ya 2: Chora mstari mmoja, kisha gawa usiku

Chora mstari wa kwenda chini, kaskazini mpaka kusini. Hakuna kurudi nyuma, hata kwa mji mmoja. Ukiona kalamu yako inapanda juu tena futa.

Kwa usiku 14 mimi nagawa hivi:

- Hanoi, usiku 4
- Ninh Binh, usiku 1
- Ndani ya treni, usiku 1
- Hue, usiku 2
- Hoi An, usiku 3
- Saigon, usiku 2
- Can Tho kwenye delta ya Mekong, usiku 1 (halafu unarudi Saigon kupanda ndege)

Kwanini Hanoi nne? Kwa sababu wenyeji wa huko wapo masaa 4 mbele yetu, usiku wa kwanza hulali na siku ya kwanza unatembea kama uliyepigwa. Ukiweka mbili umebaki na siku moja ya maana.

Una usiku 11 tu? Toa Can Tho na toa Ninh Binh, panda treni ya usiku moja kwa moja kutoka Hanoi, na Hanoi ipunguze iwe tatu. Usiguse Hue na Hoi An. Una siku 7? Basi chagua nusu, ama Hanoi na Ninh Binh au katikati peke yake. Najua inauma kwa nauli uliyolipa, lakini mtu aliyekaa siku saba sehemu mbili anarudi anajua jina la mama anayemuuzia supu.

Mtaniuliza Ha Long na Sapa mbona hazipo. Ha Long ni nzuri, ipo kwenye orodha ya UNESCO tangu 1994, ila ni mandhari, na Ninh Binh inakupa milima ya mawe ile ile ikiwa katikati ya mashamba ya mpunga na watu wanaoishi. Sapa ni masaa matano sita kwa basi kwenda na mengine hayo kurudi, na kipindi cha baridi ukungu unaweza ukafunika kila kitu. Kama shida yako ni kuwaona watu wa makabila ya Wahmong na Wadao kwenye matuta yao ya mpunga, ipe Sapa usiku tatu zake na utoe kusini yote. Kuipachika katikati ya ratiba iliyojaa ndiyo kosa lenyewe.

*Umefanikiwa ikiwa:* hakuna mji una usiku mmoja isipokuwa Ninh Binh na Can Tho, na usiku wa tarehe 14 ya mwezi umelala Hoi An.

## Hatua ya 3: Ndege iingie Hanoi, itokee Saigon

Mara yangu ya kwanza nilikata tiketi ya kwenda na kurudi Hanoi kwa sababu ilionekana rahisi kwa dola chache. Mwisho wa safari nikajikuta nipo Saigon, zaidi ya kilomita 1,600 kwa barabara kutoka ndege yangu ilipo, nikalipa ndege nyingine ya ndani, nikalipia mzigo, nikalala usiku wa ziada karibu na uwanja. Ule unafuu ulikufa mara tatu.

Kwenye tovuti za tiketi usichague "kwenda na kurudi", chagua "miji mingi". Andika mji wako mpaka Hanoi, kisha Saigon mpaka mji wako. Doha na Dubai zote zina ndege za kwenda Hanoi na za kutoka Saigon, kwahiyo kwa anayetoka Dar, Nairobi, Entebbe au Muscat hili linawezekana bila kuzunguka dunia.

*Angalizo:* usilipe tiketi isiyorudishwa pesa kabla ya kusoma hatua inayofuata.

## Hatua ya 4: Viza ya mtandaoni, herufi kwa herufi

Hapa ndipo safari nyingi zinafia, tena uwanjani kwetu kabla mtu hajapanda hata ndege.

Tangu tarehe 15 Agosti 2023 Vietnam inatoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, mpaka siku 90. Ya kuingia mara moja ni dola 25, ya kuingia mara nyingi ni dola 50. Hakuna sababu ya kumlipa mtu dola 150 akufanyie.

1. Ingia kwenye tovuti ya serikali ya Vietnam, ile ambayo anwani yake inaishia na gov.vn. Zipo tovuti nyingi zinazofanana nayo kwa rangi na bendera zinazoishia na vitu vingine, hizo ni za madalali.
2. Andika jina kama lilivyo kwenye ile mistari miwili ya chini ya ukurasa wa pasipoti, yenye alama nyingi za <<<. Sisi tuna majina matatu mpaka manne na hapa ndipo tunapoteleza, mtu anaacha jina la babu kwa sababu hata kazini halitumii. Liandike.
3. Tarehe zao ni siku/mwezi/mwaka. Angalia namba ya pasipoti, hiyo ni sifuri au herufi O?
4. Chagua mlango wa kuingilia: Noi Bai, ndiyo uwanja wa Hanoi. Viza inakuwa na mlango ulioutaja.
5. Kama unataka kuchepuka kwenda Cambodia kisha urudi Vietnam, lazima uchukue ya kuingia mara nyingi. Ya mara moja inakufa ukivuka mpaka tu.
6. Omba wiki tatu kabla. Wanasema siku tatu za kazi lakini sikukuu zao hazihesabiwi, na ukikosea inabidi uanze upya na ada hairudishwi.

*Umefanikiwa ikiwa:* una karatasi ya viza iliyochapishwa, umekaa na mtu mwingine, yeye ameshika pasipoti na wewe viza, mmesomeana jina, namba na tarehe kwa sauti na hakuna kilichotofautiana. Fanya hivi kweli, ukisoma peke yako jicho linaruka.

## Hatua ya 5: Funga vipande vya katikati

Hanoi mpaka Ninh Binh ni masaa mawili hivi kwa treni au basi, hii nunua ukiwa huko huko.

Treni ya usiku Ninh Binh mpaka Hue nunua mapema, behewa la vitanda vinne laini, na ukiweza kitanda cha chini. Kitanda cha juu dari lipo puani na kupanda na kushuka gizani si mchezo. Beba maji, tishu na sweta maana kiyoyozi kinapuliza usiku kucha.

Angalizo la saa. Tiketi zao zinatumia saa 24. 21:30 ni saa tatu na nusu usiku kwa hesabu yetu, usije ukajichanganya. Na treni ya 00:20 ya tarehe 12 unaipanda usiku wa tarehe 11, nimeshamwona mtu anafika stesheni na masanduku yake treni imeondoka jana.

Hue mpaka Da Nang panda treni ya mchana, kama masaa matatu hivi, kaa upande wa kushoto. Treni inakata mlima wa Hai Van ikining'inia juu ya bahari, na bahari ipo kushoto unapoenda kusini. Waliokaa kulia wanaangalia ukuta wa mawe. Hoi An haina stesheni wala uwanja wa ndege, unashuka Da Nang na kuchukua teksi kilomita 30 hivi. Usishangae anwani za Hoi An kuandikwa Da Nang, tangu Julai 2025 mkoa wa Quang Nam uliunganishwa na Da Nang.

Da Nang mpaka Saigon ni ndege, saa moja na nusu hivi. Mashirika ya bei nafuu yanapima mzigo wa mkononi kwa mizani, kilo 7 ndiyo kawaida, nunua kilo za ziada mtandaoni mapema maana mlangoni ni ghali.

## Hatua ya 6: Kila mji upe asubuhi moja na jioni moja

Hii ndiyo hatua ya moyo wa safari. Usijaze mchana. Mchana ni joto, ni mabasi ya watalii na wenyeji wenyewe wamelala. Utamaduni wao unaonekana kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 3 asubuhi, na tena jioni.

Hanoi. Asubuhi ya kwanza nenda ziwa la Hoan Kiem saa 11 na nusu alfajiri. Utakuta wazee wanafanya mazoezi, akina mama wanacheza muziki, vijana wanakimbia. Halafu ingia mitaa ya kale. Majina mengi yanaanza na Hang, maana yake bidhaa: Hang Bac ni madini ya fedha, Hang Thiec ni mabati, Hang Gai ni katani ingawa siku hizi wanauza hariri. Simama Hang Ma uangalie vizuri. Wanauza vitu vya karatasi vya kuwachomea marehemu, noti za karatasi, mashati ya karatasi yaliyokunjwa na vifungo vyake, pikipiki, simu na chaja yake pembeni. Mjukuu anamnunulia babu aliyefariki kile ambacho babu angekipenda, anakichoma, na kinamfikia. Ukishaelewa mtaa huu kila kimeza cha udi utakachokiona mbele ya duka mpaka Saigon kitakuwa kinaongea na wewe.

Siku nyingine nenda Van Mieu, hekalu la elimu lililoanzishwa 1070. Kuna mabamba 82 ya mawe yaliyobebwa na kobe wa mawe, yameandikwa majina ya waliofaulu mitihani ya kifalme. Wanafunzi wanakuja kuomba baraka kabla ya mitihani, na wakimaliza shule wanakuja kupiga picha wamevaa ao dai, vazi lao refu la jadi. Jioni kaangalie vikaragosi vya majini, sanaa iliyozaliwa kwenye mashamba ya mpunga, wachezaji wamesimama ndani ya maji nyuma ya pazia la mianzi.

Jumba la kaburi la Ho Chi Minh, baba wa taifa lao, ni asubuhi tu, na Jumatatu na Ijumaa limefungwa. Kuna na miezi wanafunga kwa ukarabati, ulizia hotelini. Makumbusho ya makabila, ambayo inaeleza makabila yote 54 ya nchi, nayo imefungwa Jumatatu. Kwahiyo Jumatatu ya Hanoi iwe ya kula na kutembea.

Ninh Binh. Panda mtumbwi mapema. Tam Coc wanapiga kasia kwa miguu, wameegemea nyuma kama wamekaa kibarazani. Hoa Lu palikuwa makao makuu ya nchi kabla hayajahamia Hanoi mwaka 1010.

Hue. Huu ni mji wa wafalme wa ukoo wa Nguyen, wafalme 13, kuanzia 1802 mpaka Bao Dai alipojiuzulu 1945. Ngome yake iliumia sana kwenye mapigano ya 1968 ya vita vya Vietnam, kwahiyo utakuta viwanja vitupu penye ramani panaonyesha majumba, usidhani umepotea. Makaburi ya wafalme yapo nje ya mji, chagua mawili tu: la Minh Mang limetulia lina mabwawa na misonobari, la Tu Duc alilijenga na kuishi humo humo akiwa hai. Ukiongeza la tatu siku hiyo hiyo yanaanza kufanana. Jioni kula bun bo Hue, supu ya tambi nene na nyama yenye mchaichai na pilipili, mtu wa Pwani utajisikia nyumbani.

Hoi An. Kwa anayetoka Lamu au Mji Mkongwe hapa ni kama kumtembelea binamu. Ni bandari ya pepo za msimu, Wachina na Wajapani walikuja na upepo mmoja wakakaa kusubiri mwingine, wakajenga nyumba, mahekalu na kumbi za ukoo. Mto ulipojaa mchanga biashara ikahamia Da Nang na mji ukabaki kama ulivyo. Tembea saa 12 asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa, utakuta wenyeji peke yao wanafagia na kuchoma udi mlangoni. Ukitaka kushona nguo nenda kwa fundi siku ya kwanza, siyo ya mwisho, maana lazima urudi kupima mara mbili. Mchana mmoja nenda My Son, mahekalu ya matofali ya Wacham, watu waliotawala huku kabla ya Wavietnam kushuka kusini.

Saigon na Can Tho. Makumbusho ya mabaki ya vita ni mazito, nenda asubuhi na usipange kitu cha furaha baada yake. Ikulu ya zamani ndipo vifaru vya Kaskazini viliingia tarehe 30 Aprili 1975, vita vikaisha. Can Tho lala usiku mmoja ili saa 11 alfajiri uwe mtoni Cai Rang kwenye soko linaloelea. Limepungua kuliko zamani kwa sababu ya barabara, lakini angalia ule mti mrefu uliosimamishwa kwenye kila boti: kinachoning'inia juu ndicho kinachouzwa chini. Nanasi juu, mananasi chini. Hakuna kupiga kelele.

*Umefanikiwa ikiwa:* kila siku ina vitu viwili vilivyoandikwa, na katikati patupu.

## Hatua ya 7: Chakula, hasa kwa asiyekula nguruwe

Nguruwe wapo kila mahali, hata kwenye supu isiyoonekana kuwa nao. Andika kwenye karatasi: Tôi không ăn thịt lợn kwa kaskazini, na Tôi không ăn thịt heo kwa kusini, neno la nguruwe linabadilika. Onyesha, usijaribu kutamka, lugha yao ina toni na ukikosea toni umesema kitu kingine.

Neno la kukuokoa ni chay, chakula cha Wabudha kisicho na nyama. Tafuta bango lenye neno hilo, na tarehe 1 na 15 za mwezi wao linapatikana kirahisi zaidi, Hue ndiyo wanakipika vizuri kuliko wote. Kwa halali, Hanoi kuna msikiti wa Al-Noor mtaa wa Hang Luoc ndani kabisa ya mji wa kale, na Saigon kuna msikiti wa Dong Du wa mwaka 1935 wenye hoteli za halali jirani. Ijumaa zako zipange ziangukie miji hiyo miwili.

Kwa wanaokula vyote, kaa kwenye vile viti vidogo vya plastiki penye wenyeji wengi na chungu kimoja. Anayeuza kitu kimoja tangu ujana wake hakosei.

## Hatua ya 8: Pesa, laini na barabara

Dola moja ni dong 26,000 hivi, kwahiyo utakuwa milionea na utachanganyikiwa. Noti ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za bluu na zote zina sura ya Ho Chi Minh. Gizani kwenye teksi ni rahisi kutoa moja badala ya nyingine, na tofauti ni karibu dola 18 na nusu. Weka za 500,000 mfuko mwingine kabisa. Ukizigeuza nyuma utakuta ratiba yako: 20,000 ni daraja la Wajapani la Hoi An, 50,000 ni Hue, 100,000 ni Van Mieu.

Laini nunua kwa pasipoti, Viettel inashika mpaka vijijini, ndio hao hao wenye Halotel Tanzania na Lumitel Burundi. Weka programu ya Grab kwa magari na bodaboda, bei unaiona kabla hujapanda.

Kuvuka barabara: pikipiki hazisimami. Ingia taratibu, mwendo mmoja, usikimbie, usirudi nyuma, wao ndio wanakuzunguka. Mara ya kwanza vuka ubavuni mwa bibi yeyote mwenye kapu. Na usikodi pikipiki bila leseni wanayoitambua, ukianguka bima haikulipi.

## Hatua ya 9: Adabu za ndani

Mabega na magoti yafunikwe hekaluni. Viatu vivuliwe ukiona vingine mlangoni. Pesa na kadi vipokelewe kwa mikono miwili kwa mtu mzima. Usimguse mtoto kichwani wala usinyooshee miguu kwenye kimeza cha mababu.

Watakuuliza umri wako mapema sana, na kama umeoa. Siyo umbea, lugha yao haina "wewe" moja kama yetu, lazima wajue wakuite kaka, dada, mjomba au mwanangu. Jibu tu, kisha uliza wa kwao. Mara nyingi baada ya hapo ndipo kiti kinavutwa na chai inamiminwa.